Simu ya Miili Miwili

Ukisukuma ukingo wa Nokia N97 kwa vidole gumba viwili, nusu ya kwanza ya safari ni kazi yako na nusu ya pili ni kazi yake. Mwanzoni springi inakaidi kidogo. Ukifika katikati ukaidi unageuka: skrini inachukuliwa mkononi mwako, inateleza hadi mwisho, inainuka na kuegemea nyuma, kisha unasikia mlio mmoja mkavu. Chini yake kibodi nzima imejitokeza, herufi zote katika safu tatu.

Springi hiyo inafanya kazi mbili zinazopingana. Inaizuia simu isifunguke mfukoni, na inaizuia isijifunge mkononi. Siri iko mahali ncha zake ziliposhikizwa, moja kwenye mwili wa chini na nyingine kwenye mwili wa juu. Simu ikiteleza, ncha hizo zinakaribiana na springi inabanwa, inaweka akiba ya nguvu ya kidole chako, mpaka zinapopitana. Zikishapitana springi haina pa kwenda ila mbele, na ile nguvu uliyoitoa inakurudia kama mwendo. Hakuna mota, hakuna betri inayotumika. Mtu fulani alikaa na penseli akatafuta mahali pa matundu mawili, akahesabu unene wa waya, akajaribu tena na tena mpaka kukaidi kukawa kwa kiasi na kuachia kukawa kwa kiasi. Mimi huona hapo ndipo heshima ya simu hii ilipo, kuliko kwenye kamera yake au hifadhi yake ya gigabaiti 32.

N97 ilitangazwa Barcelona tarehe 2 Desemba 2008 na kuingia madukani Juni 2009. Wakati huo ulimwengu wa simu ulikuwa bado haujaamua. iPhone ya 2007 ilikuwa imeondoa vitufe na kubakiza kioo. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android, ilitoka Oktoba 2008 ikiwa na kioo juu na kibodi ya kuteleza chini. BlackBerry kwa sehemu kubwa walikuwa wameshikilia vitufe vyao. Nokia, ambao simu zao zilijaa mifukoni mwa Wakenya miaka ile, waliamua kubeba vyote viwili. Kwa Kenya, Juni hiyo ilikuwa na mambo yake: bajeti iliondoa VAT kwenye simu, na mkongo wa TEAMS uliotoka Fujairah ukapokelewa ufukweni Mombasa. Hata hivyo N97 haikuwa simu ya kila mtu. Ilikuwa ghali, na huku mashambani ilifika baadaye na kwa njia za pembeni: zawadi ya mtoto aliye ughaibuni, au mkono wa pili kutoka Nairobi.

Programu zake zililaumiwa, na lawama zilikuwa za haki. Megabaiti 128 za kumbukumbu hazikutosha kwa yote iliyotakiwa kufanya. WhatsApp nayo iliziacha simu za Symbian tarehe 30 Juni 2017. Lakini kupiga, kupokea, kuandika ujumbe na kutuma pesa kwa M-Pesa, ambayo menyu yake imekaa kwenye laini yenyewe, hayo yote bado yapo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno, hayo yanatosha.

Mtu huyo nilimkuta Mitunguu. Mji huu mdogo uko Imenti Kusini, kaunti ya Meru, chini ya Nkubu kwenye barabara inayoteremka kuelekea Tharaka. Ukitoka Nkubu unaiacha kahawa nyuma, hewa inapata joto, na migomba inaanza kukupokea pande zote mbili. Ndizi za Mitunguu zinaliwa Nairobi kila siku. Maji yanayozikuza yanatoka mto Thingithu, kwa mradi wa unyunyizaji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani. Yanashuka ndani ya mabomba kwa nguvu ya mteremko na kurushwa shambani kama mvua. Maji ya namna hiyo yanataka zamu, na zamu zinataka karani.

Karani wa kikundi kimoja cha maji ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya juu ambaye bado anavaa saa ya mkononi na kuitazama. Ujumbe wake una jina la laini ya maji, siku, saa ya kufungua, saa ya kufunga, jina la anayefuata, na onyo fupi kwa aliyechelewa kufunga juzi. Anaandika sentensi kamili, na nukta anaziweka. Kupiga chapa alijifunza kwenye mashine ya ofisi ya shule, enzi za mitihani ya stensili, na mpangilio wa herufi uliotoka kwenye mashine za miaka ya 1870 ndio huo huo aliokutana nao kwenye N97 aliyoletewa na mwanawe. Vioo alivijaribu. Anasema kioo hakimwambii kidole kama kimefika.

Alikuja kwa fundi wa simu kandokando ya soko, kwenye kibanda cha mabati kinachopakana na mahali malori yanapopakia ndizi. Mimi nilikuwa nimeketi pale kwa ruhusa ya fundi, nikitazama kazi.

“Mwalimu, ilianza lini?” fundi aliuliza.

“Wiki iliyopita. Nikiifunga naona vizuri. Nikiifungua, giza.”

“Na ukiifungua nusu?”

“Nusu sijawahi kuifungua, fundi. Inakwenda yenyewe.”

Fundi hakugusa bisibisi. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaiwasha, akaanza kuifungua polepole, kidole kimoja kikisukuma na kingine kikizuia ili springi isiinyakue. Kwa robo ya kwanza picha ilikuwa safi. Karibu na katikati mistari ya kijani ikapita. Akasimama hapo hapo. Akairudisha unywele, mistari ikapotea. Akaipeleka unywele, ikarudi. Akasogea mbele zaidi, skrini ikawa nyeupe, kisha nyeusi. Akaomba mwalimu apigiwe simu, akaweka sikio: sauti ilisikika simu ikiwa imefungwa na imefunguliwa. Basi waya wa spika ni mzima, waya mmojawapo wa picha umekatika, na umekatika mahali panapokunjwa. Alikuwa ameyajua hayo yote kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Kinachounganisha miili miwili ya simu ya slaidi ni utepe mwembamba ambao mafundi wanauita fleksi. Bodi, betri na kibodi viko chini. Skrini, spika ya sikioni na kamera ndogo viko juu. Kila picha unayoiona imepita kwenye utepe huo, na kila unapofungua simu utepe unakunjwa na kukunjuliwa. Ni nyuzi za shaba nyembamba sana, zimelala sambamba katikati ya tabaka mbili za plastiki ya rangi ya kaharabu isiyoogopa joto.

Neno “katikati” hapo lina uzito. Kitu chochote ukikikunja, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unabanwa, na kati ya pande hizo kuna mstari usiovutwa wala kubanwa. Waliobuni fleksi waliiweka shaba kwenye mstari huo. Unene wa plastiki ya juu ukizidi ule wa chini, shaba inatoka kwenye mstari wake, inaanza kuvutwa kila siku kidogo, na siku moja inapasuka. Shaba yenyewe nayo imechaguliwa: inapitishwa kwenye rola mpaka iwe karatasi, kisha inapashwa moto ili ilainike, maana shaba ngumu haivumilii kukunjwa. Mambo haya huyaoni kwa macho. Unayaona kwa miaka tu, simu inapoendelea kufunguka na picha inabaki.

Ile ya mwalimu ilikuwa imefunguka kwa miaka mingi, kwenye vumbi la njia ya mfereji, ndani ya mkoba wenye karatasi za risiti, na kwa mikono iliyoshika mikungu. Nadhani ilitimiza wajibu wake.

Juu ya meza fundi alitandika karatasi nyeupe, akachora umbo la simu kwa kalamu, akabandika gamu ya pande mbili juu ya mchoro. Kila skrubu aliyoitoa aliibandika mahali pake pale pale kwenye mchoro. Skrubu hizi zina kichwa cha nyota ya pembe sita, na zinafanana kwa macho lakini hazilingani kwa urefu. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa kitu upande wa pili. Kijana anayejifunza kwake alikuwa amepewa kazi ya kutaja urefu kabla skrubu haijabandikwa. “Fupi. Fupi. Ndefu. Fupi.” Fundi hakujibu isipokuwa alipokosea.

Vichwa vya fleksi vinakaa kwenye soketi ndogo za bodi, vimebanwa kwa msukumo tu. Alivinyanyua kwa kijiti cha plastiki alichokichonga mwenyewe kutoka kwenye mpini wa mswaki. Chuma, aliniambia, kinatosha kuteleza mara moja ili bodi nzima ife. Kisha akatenganisha miili miwili, na mtelezo wote ukawa wazi mbele yetu: reli za chuma, mikono ya bawaba inayoinua skrini, na ile springi ndogo ikiwa imelala kwenye kitanda chake. Kwenye pembe za reli palikuwa na vumbi jekundu lililogandamana na kitu cheusi chenye kunata, utomvu wa ndizi bila shaka, kwa maana hakuna kitu Mitunguu kisichopata utomvu wa ndizi. Alisugua kwa mswaki na spiriti. Thina aliiweka mbali, kwa sababu inakula plastiki. Mafuta hakuweka kabisa. Mafuta yanafurahisha siku ya kwanza, alisema, halafu yanakuwa makao ya vumbi.

Kijana alikuwa ameuona mpasuko kwa lenzi, mstari mdogo kuliko unywele ukivuka nyuzi mbili za ukingoni. Akapendekeza jampa, yaani waya mwembamba wa shaba unaolehemiwa kuruka juu ya mpasuko. Ni kazi ambayo fundi huyu anaifanya vizuri. Nimeona jampa zake kwenye bodi, nyembamba na zilizonyooka, zimefunikwa kwa tone la gundi. Lakini alitikisa kichwa.

“Hapa panatembea,” akasema. “Lehemu haitembei.”

Basi akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa simu zisizo na uhai. Fleksi mpya ya modeli hii huipati tena kwa urahisi hata Luthuli Avenue, Nairobi, ambako spea za simu zimejaa kutoka sakafuni hadi darini. Ya kupata ni ya simu nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine: iliyoanguka majini, iliyopasuka kioo, iliyochomwa bodi na chaja mbaya. Alikuwa na mbili. Hapa ndipo nilipomwona akifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Kwenye ncha za nyaya za mita yake amefungia sindano za kushonea, kwa sababu ncha za kawaida ni nene kuliko meno ya fleksi. Aliweka sindano moja upande huu na nyingine upande wa pili, mita ikalia. Kisha, bila kuziondoa, akamwambia kijana aukunje utepe taratibu kama unavyokunjwa ndani ya simu, akunje na kukunjua. Mita iliendelea kulia. Akahamia uzi wa pili. Wa tatu. Kwenye fleksi ya kwanza, uzi mmoja mlio wake ulikatika kwa nukta tu ya wakati, ukarudi. Fundi mwingine angeuachia. Yeye aliuweka pembeni ule utepe, akachukua wa pili, akaanza upya kutoka uzi wa kwanza.

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Lori la ndizi lilijazwa, likaondoka, jingine likaingia. Mwalimu alikwenda sokoni na kurudi. Hakuna aliyemhimiza fundi, na hilo nalo ni sifa ya mahali.

Fleksi ya pili ilikuwa nzima. Kuipitisha ni kazi ya vidole kuliko macho: inaingia kwenye mwanya wa bamba la chuma, inageuka, inabandikwa kwa gundi sehemu mbili tu, na kati ya sehemu hizo mbili inaachwa legevu kwa kiasi kile kile ilichoachiwa kiwandani. Ukiivuta sana inakatika siku ya kwanza. Ukiiachia sana inajikunja vibaya na kubanwa na reli. Utepe wenyewe unakumbuka mikunjo yake ya zamani, na fundi aliifuata kumbukumbu hiyo, akiupeleka ulikokuwa umezoea kwenda.

Kwa kuwa simu ilikuwa wazi, akatazama kibodi. Hapo mwalimu alisogeza kiti. Kibodi ya mtu inamweleza. Juu ya kitufe cha A herufi ilikuwa imefutika kabisa, I na U zilikuwa zimefifia, M imebaki nusu. Q na X zilikuwa kama zimetoka dukani jana. Kiswahili kinazihitaji irabu mwishoni mwa karibu kila neno, na Q na X hakina kazi nazo. Mwalimu alilalamika kwamba A inamlazimu kubonyeza kwa nguvu, hasa asubuhi anapoandika zamu.

Chini ya kila kitufe kuna kuba ndogo ya chuma cha pua, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiibonyeza inavumilia, inavumilia, halafu ghafla inainama na kugusa shaba iliyo chini yake. Ukiiachia inaruka juu. Kuinama huko kwa ghafla ndiko kidole kinakokusikia, na ndiko kioo kisichokuwa nako. Kuba nayo inachoka. Ya A ilikuwa imelegea, inainama bila kusema chochote.

Fundi alifunua karatasi ya gamu inayozishika kuba, akainyanyua ile ya A kwa kibano. Kisha, badala ya kurudi kwenye kopo, akainyanyua ya Q. Zina ukubwa mmoja. Aliiweka ya Q mahali pa A na ya A mahali pa Q, akashusha gamu, akapitisha ukucha juu yake.

“Q haina kazi hapa kwetu,” akamwambia mwalimu.

Mwalimu alifikiri kidogo. “Haina,” akakubali.

Ningependa wahandisi wa Ufini walioketi kupanga kibodi ile wangeliona jambo hilo. Walitengeneza kuba zote sawa kwa sababu zao za kiwanda, na usawa huo, miaka mingi baadaye, ukampa nafasi fundi wa Imenti Kusini kutibu kibodi kwa kibodi yenyewe.

Simu ilifungwa, skrubu zikarudi kutoka kwenye mchoro moja moja, kijana akitaja urefu. Fundi aliiwasha. Aliifungua polepole mpaka pale mistari ilipokuwa ikianza, akasimama, akasubiri, picha ilitulia. Akaifungua kwa kasi. Akaifungua akiwa ameielekeza chini, kisha ubavuni, kwa kuwa uzito wa skrini unauvuta utepe kwa namna tofauti kila upande. Kisha akampa mwenyewe.

Mwalimu hakuijaribu kwa maneno ya kujaribia. Alikuwa na ujumbe uliongoja. Vidole gumba vyake vilianza, naye akawa ananiangalia mimi, si kibodi, akinieleza kwamba laini ya tatu wana tabia ya kuchelewa kufunga. Nilivifuata vidole. Kuna maneno ambayo yameumbwa kwa kazi hii: andika “ndizi” na utaona kidole cha kulia na cha kushoto vikipokezana herufi kwa herufi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kimoja kufanya kazi mara mbili. Upau wa nafasi katika N97 haukukaa katikati; umesogezwa kulia, jambo lililowakera watu wengi simu ilipotoka. Kidole cha mwalimu kiliupata kila mara pale pale ulipo. Alipofika kwenye “zamu”, A iliitika kwa mguso mwepesi, akasita nusu sekunde, akaendelea.

Akalipa, akauliza kama aifunike kwa kitu. Fundi akamwambia asiiweke tena kwenye mfuko wa risiti, kwa sababu karatasi inatoa vumbi kuliko barabara.

Fleksi iliyokufa haikutupwa. Fundi alichukua kava tupu la N97 kutoka kwenye kopo, lenye reli na bawaba lakini bila bodi wala skrini, akaviweka vyote viwili mbele ya kijana. Utepe huo hauwezi kuharibika zaidi, kwa hiyo ni mwalimu mzuri. Kazi ya kijana kwa jioni ile ilikuwa kuupitisha kwenye mwanya, kuugeuza, kuupa ulegevu wake, kufungua na kufunga, kuutoa, na kuanza tena, mpaka aweze bila kuangalia.

“Ukiona alama nyeupe kwenye kunjo,” fundi alimwambia, “umeuvunja. Utoe, uunyooshe, uanze mwanzo.”